Usiku wa Klorokwini

Vidonge vilikuwa 10 kwa siku 3. Vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa. Vilikuwa vyeupe na vichungu, kiasi kwamba hata aliyevisindikiza kwa uji wenye sukari aliendelea kuuonja uchungu wake kooni hadi jioni. Mtu mzima aliyekulia Tanga, Kisumu, Kigoma au Bujumbura miaka ya 1970 na 1980 hahitaji kuelezwa zaidi. Homa ilipanda, mtu akapelekwa zahanati au akanunuliwa dawa dukani, akameza. Siku ya pili au ya tatu homa ilishuka, mgonjwa akaomba chakula. Lakini kabla ya kufika huko kulikuwa na usiku wa kuvuka.

Mwasho ulianza saa kadhaa baada ya dozi ya kwanza, mara nyingi viganjani na nyayoni. Haukuwa mwasho wa mbu, unaokaa mahali pamoja na kutulia ukikunwa. Huu ulichoma kama sindano ndogo ndogo zinazotokea ndani. Ulihama kutoka nyayo kwenda mgongoni, kutoka mgongoni kwenda chini ya nywele, na ukikunwa huku ulizuka kule. Waliokuwa nao walijikuna kwa kitana, kwa gunzi la mahindi, kwa ukuta. Ungeweza kudumu siku mbili, hata tatu. Kulipokucha ngozi ilikuwa na michirizi ya kucha, lakini haikuwa na kipele hata kimoja: hakuna uvimbe, hakuna wekundu, hakuna baka. Aliyeteseka usiku kucha hakuwa na kitu cha kumwonyesha tabibu.

Tabibu huamini anachokiona. Ndiyo maana mwasho wa klorokwini uliishi kwa miongo mingi kama lalamiko tu, jambo la kuvumiliwa, bei ndogo ya kupona malaria. Wengine waliuita utoto wa kuogopa dawa. Leo inajulikana kwamba mgonjwa alikuwa akieleza, kwa usahihi mkubwa, kazi ya kipokezi kimoja mahususi katika mishipa ya fahamu ya ngozi. Kipokezi hicho kina ndugu anayekaa juu ya seli za kinga ya mwili, na ndugu huyo ana mkono wake katika maradhi ya ngozi yanayowasumbua watu wengi ambao hawajawahi kumeza klorokwini maishani mwao.

Habari ya vidonge hivyo inaanza na mti. Gome la mkwinini ndilo lililoipa dunia kwinini, na Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa mimea huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, mwaka 1902, mkwinini ulikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda. Vita vya Kwanza vilipozuka na njia za baharini zikafungwa, gome la Usambara liligeuzwa dawa ya askari waliokuwa wakipigana bara. Dawa ilikuwa chungu na masikio yalivuma, lakini ilizuia kifo.

Utegemezi huo wa mti mmoja uliwatia hofu wenye viwanda. Mwaka 1934 mkemia Hans Andersag wa kampuni ya Bayer alitengeneza kemikali iliyopewa jina la Resochin. Majaribio ya mwanzo yaliwafanya wakubwa wake waione kuwa na sumu mno kwa binadamu, ikawekwa kando. Ndugu yake wa karibu, Sontochin, alipewa nafasi zaidi, na mwaka 1943 majeshi ya Washirika yalipoingia Tunis yalikuta madaktari wa Kifaransa wakiwa na vidonge vyake mkononi. Vidonge vikapelekwa Marekani. Wakati huo Wajapani walikuwa wameikalia Java, kisiwa kilichotoa sehemu kubwa ya gome la mkwinini duniani, na Wamarekani walikuwa wakipima maelfu ya kemikali, kila moja ikiwa na namba yake. Ile iliyobeba namba SN-7618 ilishinda nyingi. Ilikuwa ni Resochin ile ile iliyotupwa miaka 10 nyuma, sasa ikaitwa klorokwini.

Baada ya vita ilienea haraka. Ilikuwa rahisi kutengeneza, bei yake ilimfaa mtu wa kijijini, na iliua vimelea ndani ya siku chache. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1955 mpango wa kuifuta malaria, klorokwini ilikuwa silaha moja na DDT ya pili. Katika Afrika Mashariki iliingia katika kila zahanati, kisha katika kila duka: ikakaa rafu moja na viberiti, chumvi na mafuta ya taa. Mama alijua dozi ya mtoto kwa kukata kidonge kwa kisu. Dawa chache zimewahi kuingia nyumbani kwa watu kiasi hicho, na haitendewi haki mtu akikumbuka mwasho wake tu. Iliokoa watoto wasiohesabika.

Hata hivyo mwasho ulikuwepo, na wa kwanza kuuandika rasmi walikuwa Waafrika. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Nigeria, Ekpechi na Okoro, walichapisha katika jarida la magonjwa ya ngozi la Marekani maelezo ya mwasho huo kwa wagonjwa wao. Wengine Nigeria wakafuata, mwaka baada ya mwaka. Waligundua kwamba mwenye kuwashwa mara ya kwanza huwashwa tena karibu kila anapoimeza, na kwamba tabia hiyo huonekana kufuata damu ya ukoo. Wasafiri wa Kizungu waliokuwa wakimeza klorokwini kama kinga waliwashwa mara chache sana. Nadhani hapo ndipo penye sababu ya kimya cha muda mrefu: dawa ilipimwa kwanza miongoni mwa watu ambao haikuwawasha, na ilipofika kwa watu iliowawasha, kitabu cha maelezo kilikuwa kimeshaandikwa.

Dar es Salaam nayo ilitoa ushahidi wake. Mwaka 1991 K. S. Mnyika na C. M. Kihamia walichapisha utafiti kuhusu jinsi mwasho ulivyoathiri matumizi ya klorokwini jijini humo. Swali lao halikuwa dogo. Mtu anayeogopa usiku wa kujikuna hukata dozi: humeza vinne vya kwanza, homa ikilegea, sita vilivyobaki vinarudi kwenye karatasi na kuwekwa kabatini kwa ajili ya homa ijayo. Vimelea vilivyobaki mwilini baada ya dozi nusu ndivyo vinavyopata nafasi ya kujifunza kuishi na dawa. Na usugu ulikuwa umeshabisha hodi: visa vya kwanza vya malaria sugu kwa klorokwini barani Afrika vilithibitishwa mwaka 1978 na 1979, kwa wageni waliokuwa wametembelea Kenya na Tanzania.

Huko Ile-Ife, Nigeria, kundi jingine lilijaribu tiba. Mwaka 1997 waliripoti kulinganisha prednisoloni, niasini, na dawa ya kuzuia histamini, na wakaona pia kwamba mwenye vimelea vingi zaidi katika damu huwashwa zaidi. Zahanati nyingi zilikuwa zimeshajitungia utaratibu wao: klorokwini na piritoni, nayo dawa ya kuzuia histamini, pacha wawili katika bahasha moja ya karatasi. Piritoni ililaza watu usingizi, na kwa kweli usingizi wenyewe ulikuwa msaada. Lakini mwasho wenyewe haukuzimika. Wengi waliamka usiku wa manane, vichwa vizito kwa piritoni, mikono ikikuna bado.

Kwa nini piritoni ilishindwa? Jibu linarudi nyuma hadi chumba cha mwanafunzi mmoja wa tiba, Leipzig, mwaka 1878.

Paul Ehrlich alikuwa na miaka 24 na alipenda rangi. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitoa rangi mpya za nguo, naye alizimwaga juu ya vipande vya nyama ya mwili na kuchungulia kwa hadubini. Katika tishu zilizozunguka mishipa ya damu aliona seli za ajabu, zimejaa chembe chembe tele hadi kiini chake hakionekani vizuri. Akadhani zimelishwa kupita kiasi, akaziita kwa neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo: *Mast*. Kwa Kiswahili tuziite seli masti. Alikosea kuhusu kula, lakini alikuwa sahihi kwamba chembe zile ni shehena. Ngozi imejaa seli hizo, zimejipanga kandokando ya mishipa ya damu na ncha za mishipa ya fahamu kama walinzi wa geti.

Shehena ilikuja kufahamika polepole. Mwaka 1910 Henry Dale na mwenzake Laidlaw walieleza kazi za kemikali moja iliyoitwa baadaye histamini. Mwaka 1927 Thomas Lewis wa London aliandika kitabu kizima kuhusu mishipa ya damu ya ngozi, akionyesha kwamba ngozi ikikwaruzwa hutoa mstari mwekundu, kisha wekundu unaotanda, kisha baka linalovimba, na kwamba kitu mfano wa histamini ndicho kinachofanya hayo. Dawa za kwanza za kuizuia zilitoka Paris mwaka 1937 katika maabara alimofanya kazi Daniel Bovet. Piritoni ni mjukuu wa dawa hizo.

Kipande kilichokosekana kilipatikana kwa ujasiri wa watu wawili huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Heinz Küstner alikuwa akila samaki aliyepikwa anavimba na kuwashwa. Mwenzake Carl Prausnitz hakuwa na tatizo na samaki. Mwaka 1921 Prausnitz alichomwa tumboni, chini ya ngozi, kiasi kidogo cha majimaji ya damu ya Küstner. Siku iliyofuata, mahali pale pale, akachomwa dondoo la samaki. Dakika chache baadaye baka lilivimba na kuwasha, kwenye tumbo la mtu ambaye samaki hakuwahi kumdhuru. Kitu fulani katika damu ya rafiki yake kilikuwa kimehamia na kukaa juu ya seli za ngozi yake, kikisubiri samaki.

Kitu hicho kilipewa jina baada ya miaka 45. Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke kutoka Japani waliokuwa Denver, Marekani, walikitambua mwaka 1966, na leo kinaitwa IgE. Ni kingamwili inayokaa katika kipokezi cha seli masti kama nanga katika jabali. Chavua, maziwa, karanga au samaki akija na kuzivuta IgE mbili kwa pamoja, kipokezi hupiga ukelele ndani ya seli, na shehena yote humwagwa kwa dakika: histamini kwanza, ngozi ikafura na kuwa nyekundu. Mlango huo piritoni inaujua. Haiwezi kuuzuia usifunguke, lakini inaizuia histamini isishike mahali pake pa kazi.

Ndipo unapoelewa kosa la ile bahasha ya karatasi. Klorokwini haikupita mlango huo hata kidogo. Hakukuwa na baka wala wekundu kwa sababu histamini haikuwa mhusika mkuu. Piritoni ilikuwa ikilinda geti ambalo hakuna aliyelipita. Mgonjwa aliyesema «inachoma, hainiwashi kama upele» alikuwa ameshaeleza hivyo kwa maneno yake, ila hapakuwa na mahali pa kuyaandika kwenye kadi.

Agosti 2001 Tanzania Bara iliiondoa klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria na kuweka dawa nyingine, SP. Malawi ilikuwa imetangulia mwaka 1993, Kenya mwaka 1998. Zanzibar ilifuata mwaka 2003, na baadaye Bara ikaenda kwenye dawa ya mseto, ALu. Kizazi kipya kilianza kukua bila kuujua ule usiku. Kwa bahati ya ajabu, Septemba ya mwaka huo huo 2001, kundi la watafiti wa California, Xinzhong Dong akiwa mwandishi wa kwanza, lilichapisha orodha ya familia mpya ya vipokezi vilivyopatikana katika mishipa ya fahamu ya panya, ile inayopeleka habari za maumivu kutoka kwenye ngozi. Waliviita Mrg. Vilikuwa yatima: kila kipokezi mlango, na hakuna aliyejua ni funguo gani inaufungua.

Miaka 8 ikapita. Dong alikuwa sasa na maabara yake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, na wenzake wakiongozwa na Qin Liu walikuwa na panya waliofutiwa jeni 12 za familia hiyo kwa pamoja. Waliwachoma klorokwini kwenye ngozi ya shingo, wakawasha kamera, wakahesabu. Panya wa kawaida aligeuza kichwa, akainua mguu wa nyuma na kujikuna shingo, tena na tena, kwa nusu saa. Panya aliyefutiwa jeni alikaa akijilamba miguu, akinusa pembe za kizimba, akijikuna mara chache tu. Alipochomwa histamini, huyo huyo alijikuna kama wenzake. Majibu yalichapishwa Desemba 2009. Kipokezi cha panya kinaitwa MrgprA3. Chetu sisi kinaitwa MRGPRX1, na klorokwini ni funguo yake.

Siku ile lalamiko la zahanati lilipata anwani. Klorokwini ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Waafrika wengi, na sayansi ilipokuja kuieleza, ilieleza kitu kilichokuwa kimekwisha kupita. Hilo linauma kidogo. Lakini mlango uliopatikana haukuwa wa klorokwini peke yake. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba kimeng'enya cha utitiri wa vumbi la nyumbani, wale wadudu wasioonekana wanaoishi kwenye magodoro na mito, nacho huufungua MRGPRX1. Yaani kipokezi kile kile kilichowanyima watu usingizi kwa vidonge kinashiriki, kimya kimya, katika mwasho wa kila siku.

Ndugu yake ndiye aliyebadilisha zaidi mambo. Familia hii ina kipokezi kiitwacho MRGPRX2, na hiki hakikai tu karibu na neva: kinakaa juu ya seli masti za ngozi, wale walinzi wa Ehrlich. Mwaka 2015 kundi la Dong lilionyesha katika jarida la *Nature* kwamba dawa nyingi tofauti hukifungua moja kwa moja, bila IgE yoyote. Miongoni mwake ni siprofloksasini, antibiotiki inayojulikana katika kila duka la dawa la Afrika Mashariki, na dawa za kulegeza misuli zinazotumika chumba cha upasuaji. Madaktari walikuwa wamesumbuliwa kwa muda mrefu na mgonjwa anayepewa dawa mara ya kwanza kabisa, akafura na kuwa mwekundu dakika hiyo hiyo. Kwa kanuni za mzio hilo halikuwezekana, kwani IgE hutengenezwa baada ya mwili kukutana na kitu mara ya kwanza. Sasa ikajulikana kuna geti la pili, lisilohitaji kukumbuka lolote.

Na geti hilo halifunguliwi na dawa pekee. Mishipa ya fahamu ya ngozi yenyewe hutoa kemikali iitwayo sabstansi P, na hiyo pia ni funguo ya MRGPRX2. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi utitiri wa vumbi unavyowasha kwanza neva za maumivu, neva zikamwaga sabstansi P, sabstansi P ikafungua seli masti zilizokaa bega kwa bega nazo, na ngozi ikavimba kwa namna inayofanana na pumu ya ngozi. Neva na kinga ya mwili, vitu viwili ambavyo vitabu vya zamani viliviweka sura tofauti, vilikuwa vikizungumza ana kwa ana muda wote. Kabla ya hapo, mwaka 2014, ilikuwa imeonekana kwamba wagonjwa wenye urtikaria sugu kali, yale mabaka ya kuvimba yanayotokea na kutoweka kwa miezi na miaka, wana vipokezi hivi vingi kuliko kawaida kwenye seli masti za ngozi zao.

Jambo moja zaidi katika tafiti za 2019 linastahili kuangaliwa kwa karibu. Seli masti ikifunguliwa kupitia IgE humwaga histamini kwa wingi. Ikifunguliwa kupitia geti la pili, histamini hupungua na kinachotoka zaidi ni triptezi, kimeng'enya chenye kazi ya kukata protini. Mwasho wa namna hiyo hausikii piritoni. Na kimeng'enya kinachokata protini na kuwasha ngozi ni kitu ambacho watu wa pwani walikuwa nacho msituni tangu zamani.

Upupu hauhitaji utambulisho. Ni mtambaa wa jamii ya kunde, na maganda yake yamejikunja kama herufi S, yamefunikwa na manyoya mafupi ya rangi ya kahawia-dhahabu yanayong'aa juani kama mahameli. Likikauka ganda, upepo unatosha. Wanafunzi wa shule za bweni waliwahi kuujua kwa njia nyingine, pale mtu alipoupaka kitandani kwa mwenzake. Huko Uingereza, karne ya 18, manyoya hayo hayo yalichanganywa na sharubati au asali na kunywewa kuua minyoo ya tumbo, kwa imani kwamba yatamchoma mnyoo bila kumdhuru mtu.

Mwaka 1955 Walter Shelley na Robert Arthur, Marekani, walionyesha kwamba kinachowasha katika upupu si ncha ya unywele, ni kimeng'enya kilichomo ndani yake, wakakiita mukunaini. Mwaka 2008 kundi la Ethan Lerner huko Boston lilikisafisha na kukitambua. Mukunaini hukata ncha ya kipokezi kiitwacho PAR2, na mlango huu una ufundi wa kipekee: funguo yake imefichwa ndani ya kitasa chenyewe. Ncha ikikatwa, kipande kilichobaki hujikunja na kuufungua mlango kutoka ndani. PAR2 inapatikana kwenye neva za ngozi, kwenye seli za juu za ngozi na kwenye seli masti. Na mkataji wake wa asili mwilini, asiyetoka msituni, ni ile triptezi. Kwa lugha ya kawaida, seli masti imebeba upupu wake yenyewe, na mwaka 2003 ilikuwa imeshaonyeshwa kwamba ngozi ya wenye pumu ya ngozi ina triptezi nyingi kuliko ngozi ya wazima.

Klorokwini nayo ilikuwa na upande wa pili ambao wengi waliowashwa hawakuambiwa. Mwaka 1894 daktari wa London, J. F. Payne, aliwapa kwinini wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kuchora wekundu juu ya mashavu na pua kama mbawa za kipepeo. Baada ya Vita vya Pili F. Page aliripoti, mwaka 1951, kwamba mepakrini, dawa nyingine ya malaria iliyomezwa na askari kwa mamilioni, ilituliza ngozi hizo. Klorokwini na dada yake haidroksiklorokwini zikafuata. Sababu ilieleweka baadaye sana: ndani ya seli za kinga kuna vipokezi viitwavyo TLR7 na TLR9, kazi yake kunusa vipande vya jeni vya virusi na bakteria, na kwa mwenye lupasi hunusa vya mwili wake na kupiga king'ora. Vipokezi hivi hufanya kazi katika vifuko vyenye asidi ndani ya seli. Klorokwini huingia humo, hupunguza asidi, king'ora kinazimika. Kidonge kimoja, basi, hufungua mlango mmoja wa neva na mtu akajikuna hadi asubuhi, na hufunga mlango mwingine wa kinga na ngozi ya mwingine ikapoa.

Upupu na klorokwini vilikutana hatimaye mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Yale, juu ya mikono ya watu waliojitolea. Robert LaMotte na wenzake walikuwa wameshaona kwamba unywele mmoja tu wa upupu, ukigusa sehemu ndogo ya ngozi, unatosha kuleta mwasho. Wakauona kuwa sindano bora kuliko zote za kiwandani: mwembamba, unaingia kina kidogo tu, hautoi damu. Wakayapika manyoya ya upupu hadi mukunaini ikafa na unywele ukabaki mtupu, usiowasha mtu. Kisha wakayachovya katika kipande kidogo cha protini kiitwacho BAM8-22, ambacho hufungua MRGPRX1, mlango ule ule wa klorokwini, na wakayabandika kwenye ngozi.

Waliojitolea walianza kuwashwa. Walitaja mwasho, na pamoja nao kuchomwa chomwa na kuungua. Kupakwa kwanza dawa ya kuzuia histamini hakukuwaondolea. Watafiti waliikagua ngozi palipoguswa na unywele, wakatafuta baka na wekundu, na ngozi ilikuwa safi.